Posa Isiyo na Kitu cha Nje

Mzee Bonifas wa Mikumi alisusia bidhaa za nje siku ya Jumapili, baada ya misa, na hakuna aliyemlazimisha. Mwanawe Alfred alipiga simu kutoka Kanada, akamsimulia jinsi watu wa huko walivyokosana na nchi jirani: mtu akiingia dukani anageuza pakiti, akiona imetoka kwa jirani anairudisha, anachukua ya pembeni yake. Mzee akanogewa. Kufikia jioni alikwishatangaza kwamba kitu cha nje hakivuki uzio wake, na simu aliyopokelea habari hiyo akamkabidhi mkewe, Mama Magreti.

Tatizo ni kwamba Kanada kuna ya pembeni. Mikumi ukirudisha betri za tochi, unalala gizani.

Habari zikamfikia Lusekelo, dereva wa bodaboda mjini Kilosa, aliyekuwa anajiandaa kwenda kujitambulisha kwa mzee huyo kama mchumba wa binti yake, Agatha.

"Baba atakukagua," Agatha alimwambia kwenye simu. "Ukifeli, harudii mtihani."

"Kwani mimi kontena?"

"Lusekelo, sitanii."

Basi akaondoka na mshenga wake, Theodory, kwa pikipiki iliyoundwa India, wamepakia mchele wa Tindiga, huko huko Kilosa, na jogoo. Mikumi walificha pikipiki kwenye kituo cha mafuta. Lusekelo akavua jinzi ya mtumba nyuma ya choo, akavaa suruali ya kushonesha na katambuga.

"Tairi la hizo katambuga limetoka wapi?" Theodory akauliza.

"Nyamaza."

"Naona mzalendo hapa ni jogoo tu. Wa kienyeji kabisa."

Nyumbani kwa mzee waliamkia, "Shikamoo baba," wakaitikiwa marahaba na mzee aliyekuja akipapasa kiti. Miwani yake nayo ilikuwa ya ng'ambo, hivyo aliisusia.

Desturi inataka mshenga aseme, mchumba ainamishe kichwa na kunyamaza. Lusekelo akanyamaza kama gunia. Theodory akamwaga maneno matamu mpaka mzee akainuka, akashika shati la kitenge la msemaji, akalipapasa.

"Kitambaa cha nyumbani hiki," akasema. Akamwekea mkono kichwani. "Mama Magreti, mkwe nimempata. Anajua kujieleza. Na mshenga wake mpole, nimempenda pia."

Theodory, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kupungukiwa neno, akapungukiwa. Mlangoni Agatha akasimama na sinia lake, hasogei. Lusekelo akaona wazi: akiendelea kufuata desturi, mke ataolewa na rafiki yake.

"Samahani, baba. Mkwe ni mimi."

"Mshenga, subiri zamu yako."

"Nakuomba uvae miwani, baba."

Jogoo peke yake ndiye aliyechangia.

"Miwani ni ya nje," mzee akasema polepole.

"Ndiyo, baba. Na pikipiki yangu pia. Tumeificha kituo cha mafuta. Bila hiyo, saa hizi ningekuwa bado natembea."

Mama Magreti hakungoja kuagizwa; miwani ilitoka kwenye pindo la khanga kana kwamba ilikuwa inasubiri kuitwa. Mzee akavaa. Akamtazama Theodory, kisha Lusekelo, kisha zile katambuga.

"Kumbe ni wewe. Mwenzako ana sura nzuri zaidi."

"Najua, baba."

"Ila yeye alikuwa ananiacha nipotee."

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia, baba," Theodory akasema.

Mzee akacheka mpaka miwani ikamtelezea puani. "Kailete hiyo pikipiki, isije ikaibwa. Lakini iegeshe nyuma, kwenye banda la kuku. Majirani nimewahubiria wiki nzima."

Agatha akatua sinia mbele ya Lusekelo, si mbele ya Theodory, ili jambo lisijirudie.

Walipokuwa wanakula, mzee akaomba simu yake, akampigia Alfred.

"Waambie hao wenzako waendelee. Sisi huku tumeanzia kwenye wali. Vingine tutaona."

"Wali wa mchele wa Tindiga?" Alfred akauliza.

"Na nyama yake."

"Sisi tunakula wa pakiti," Alfred akasema. "Umetoka Tailandi."