Sanduku Lisilo na Samaki

Miezi mitatu baada ya kutoka Bukavu, Spéciose alikuwa ameshazoea mengi ya Toronto: baridi ya kukata masikio, lifti inayonuka mapishi ya kila taifa, hata ule mkate usio na ladha. Kitu kimoja kilikataa kabisa kumshuka kooni. Mwisho wa korido ya nyumba ya mwanawe, pale Agincourt, palikuwa na chumba kidogo kilichofungwa mchana kutwa, na ufunguo alikuwa nao mkwewe, Ariane.

Brice mwenyewe alikuwa amebadilika. Brice huyu, ambaye zamani hakumaliza kuvua viatu kabla ya kumsimulia mama yake siku nzima, sasa akirudi kutoka ghala la mizigo kule Malton alisema tu, "Bonsoir, Maman," kisha huyoo, chumbani. Saa nzima. Akitoka, uso umetulia kama wa mtu aliyelishwa kitu. Spéciose alimlea mtoto huyo peke yake. Kama kulikuwa na mtu anayemchukua kidogo kidogo, hakuwa tayari kukaa sebuleni akitazama.

Siku alipouliza mezani mle chumbani mna nini, Brice aliangalia sahani yake. Ariane ndiye aliyejibu.

"Ni samaki, Maman. Badogo sana. Ila usiingie kwanza, banaogopa mwangaza."

Samaki wanaoogopa mwangaza! Spéciose amekulia kando ya Ziwa Kivu, ambako samaki wadogo wa sambaza huzifuata taa za wavuvi wenyewe bila kuitwa. Alimtazama yule binti bila kupepesa macho, akamega ugali wake. Ila tangu siku hiyo masikio yake yalilala mlangoni.

Alhamisi moja asubuhi, Brice akiwa keshaenda kazini, alimwona Ariane akitoka chumbani kwa kunyata. Mkononi ana mfuko wa plastiki uliofungwa mdomo. Akauchomeka ndani ya koti, kifuani, akatoka mbio kuwahi basi la kwenda kwa wazee anaowahudumia. Kwa haraka zake, mlango hakuufunga na ufunguo.

Spéciose hakungoja hata mlio wa lifti. Aliingia, akafungua pazia, akaona sanduku la kioo lililofunikwa kitambaa cheusi. Alikifunua. Ndani mlikuwa na maji ya rangi ya chai, jani moja kubwa kavu, na chini gololi za kioo zilizobanana. Aliinama mpaka pua ikagusa kioo, akazunguka huku na huku. Hakukuwa na samaki hata mmoja.

Kwa hiyo alidanganywa. Hofu ilimpanda na, tuseme ukweli, furaha pia, maana hakuna raha kama ya kugundua kwamba ulishuku kwa haki.

Alipiga picha, akamtumia Mama Candide, kiongozi wa kikundi chake cha maombi kule Bukavu. Candide hakuhitaji dakika mbili. "Maji meusi, kitambaa cheusi, na jani? Mama Spéciose, mtoto wako iko mule ndani. Tia chumvi." Chumvi ya maombi ilikuwepo, ndani ya soksi, chini kabisa ya sanduku la nguo. Spéciose aliimwaga yote, akaomba kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta, kisha akakirudisha kitambaa. Siku hiyo alipika sombe, majani ya muhogo, kwa moyo mweupe.

Jioni Ariane alitangulia kurudi. Brice alipoingia hakuvua hata koti, alikwenda moja kwa moja chumbani. Mara wakamsikia akilia kwa sauti, wote wawili wakakimbia.

Alikuwa amepiga magoti na tochi ndogo mkononi. Katikati ya gololi kulikuwa na vitone vyeupe, vingi mno, kama unga uliomwagika.

"Bote bamekufa," alisema. Akamgeukia mkewe. "Nani aliacha pazia wazi? Mara ya kwanza wazazi walikula mayai yao. Mara ya pili yakaota ukungu. Leo mayai mia mbili, Ariane! Nakuachia kazi moja: utoe wazazi, uwarudishe kwa Kipchirchir aliyetuazima, ufunge chumba. Moja tu!"

Mayai. Na yalikuwa ya Brice. Ndipo Spéciose alipokumbuka kwamba mwaka jana, kwenye simu, mwanawe alimwambia amependa kufuga samaki wa kutazama, naye akacheka: mwanaume mzima?

Ariane alikuwa akitazama ukingo wa meza, penye chembe za chumvi. Alizifuta kwa kiganja, polepole.

"Pardon," alisema. "Ni mimi. Nilisahau."

Miezi mitatu Spéciose aliomba amsikie mwanawe akimfokea mwanamke huyu. Sasa alisikia, na sauti ilikuwa inamtetemeka Brice kama ya mtoto. Ilimuuma vibaya. Brice alitoka, akaenda kusimama kwenye baraza, mlango wa kioo akaufunga nyuma yake.

"Uliona chumvi," Spéciose alisema.

"Niliona, Maman."

"Juu ya nini haukusema?"

Ariane alikikunja kile kitambaa cheusi mara mbili. "Mimi atanisamehea mbele ya chakula kupoa. Lakini weye, alikuwa anangoja bazaliwe ndipo akuonyeshe. Alisema safari hii hautacheka. Akijua ni weye, hatakuonyesha kitu tena."

Spéciose angeweza kukaa kimya. Binti alikuwa ameshamfungulia njia, na sombe ilikuwa jikoni bado moto. Aliuangalia mgongo wa mwanawe nyuma ya kioo, mabega yamepanda, kichwa chini.

Alijitanda kitenge, akausukuma ule mlango, akatoka kwenye baridi.

"Brice," alisema, "usimukasirikie muke wako. Ni miye niliingia."

Brice hakugeuka. Spéciose alisimama kando yake, miguu ndani ya ndara, akangoja.