Kizazi Kimefungwa

Jumamosi saa mbili asubuhi, fundi cherehani alimtia paka wake kwenye kikapu cha vitambaa, akafunga kifuniko kwa lastiki ya sketi, akaenda zake shule ya msingi. Akina mama wa mtaa walikuwa wamemleta daktari wa mifugo afunge vizazi vya paka bure, na darasa la pili lilikuwa limegeuzwa chumba cha upasuaji. Ubaoni bado kulikuwa na hesabu za kutoa.

Roho yake haikutulia. Mwenye nyumba alishamwambia: nikikuta kitoto cha paka chumbani mwako tena, unahama. Mara tatu paka alikuwa amezaa, na mara tatu mwenye nyumba alikuwa amechukua gunia akashuka mtoni. Baba wa watoto wote alijulikana. Ni dume la mwenye nyumba mwenyewe, lenye shingo nene kama goti. Akina mama walipokwenda kumwomba alilete lihasiwe, mwenye nyumba alibana mapaja, yeye, si paka, akasema dume ni dume.

Daktari alimaliza kabla ya adhuhuri. Alimkata paka ncha ya sikio la kushoto iwe alama, akamrudisha kikapuni.

"Kizazi kimefungwa, mama. Hazai tena."

Fundi aliuliza mara mbili kama kimefungwa kabisa, maana anajua mishono inavyofumuka. Daktari akasema hiki hakifumuki.

Jioni ile watoto wakaja. Walikuwa kumi na mmoja, wamelowa chapachapa, wakapenya chini ya mlango mmoja mmoja, wakubwa mbele. Fundi aliwatambua kwa madoa yao. Kumbe walikuwa wakingoja huko mtoni wazaliwe upya kwa mama yao, na kizazi kimefungwa, basi wamekuja kwa miguu. Hawakulia wala hawakunyonya. Walijipanga chini ya cherehani wakichuruzika maji. Fundi alitandika vitambaa, akavikamua ndooni, akatandika vingine, huku sikio liko mlangoni mpaka shingo ikamkaza. Jirani alichungulia, akasema kama ndoo haitoshi yake ipo.

Siku ya tatu maji yakafika nje. Mwenye nyumba aliingia bila hodi, akawahesabu kwa kidole.

"Nilikuambia nini?"

"Hawa wamekufa, baba. Uliwatia guniani mwenyewe."

Aliinama akawatazama vizuri. Akakubali kwamba ni wao, hata yule wa mkia mfupi alimkumbuka.

"Sikusema walio hai wala wafu. Nilisema kitoto cha paka."

Fundi alimwonyesha sikio lililokatwa, kisha akamuuliza, na dume lako je?

"Dume langu halijazaa hata siku moja."

Fundi akahama na cherehani yake na paka wake. Wale kumi na mmoja walimsindikiza hadi mlangoni, wakarudi, kwani pale ndipo walipozaliwa. Mwenye nyumba aliwapeleka mtoni mara mbili, na mara zote mbili walifika nyumbani kabla yake. Basi akawawekea karai la kukinga maji.

Mwisho wa mwezi chumba alikichukua msusi, mwenye paka jike mchanga ambaye bado hajazaa. Mwenye nyumba alimwambia asijali unyevu, akamsomea sharti la vitoto. Msusi akaruka karai, akaanza kupanga vitana vyake. Dume lilikuwa limelala dirishani, likijilamba.