Sisimizi Ndani ya Kontrol Boksi

Nilipotoa skrubu ya mwisho na kuinua mfuniko wa kontrol boksi, sisimizi walitoka. Hawakuwa wawili watatu waliopotea njia. Walitoka kwa msururu, wamebeba mayai yao, kama wapangaji waliopewa notisi. Nimekuwa fundi umeme wa magari hapa Mwanjelwa tangu kabla sijaolewa, na ndani ya kontrol boksi nimeshakuta maji, kutu, hata kinyesi cha panya. Sisimizi sikuwahi.

Kwa asiyejua, kontrol boksi ndiyo ubongo wa injini. Ni kiboksi cha bati, ukubwa wa Biblia, na ndicho kinachoamua mafuta yaingie kiasi gani na plagi zichome wakati gani. Kikifa, gari linabaki banda la kuku. Sasa sisimizi anafuata nini kwenye ubongo wa injini? Hapo nikashikwa na ule ugonjwa wangu. Mume wangu anauita umbea, mimi nauita ufundi.

Gari lilikuwa la Mwalimu Alinanuswe wa Ilomba, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, mtu ambaye hajaonja pombe maishani mwake na ambaye atahakikisha umelijua hilo kabla hamjamaliza salamu. Macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo anaendeshwa na Lugano, kijana mpole mwenye mke na watoto wawili, anayeishi kwenye vyumba vya uani kwa Mwalimu huyohuyo.

Walilileta asubuhi likivutwa kwa kamba. Mwalimu alinieleza tatizo Lugano akiwa palepale, kwa sauti ya darasani. Gari limekata roho, na kwa siku kadhaa sasa ndani linanuka pombe. Yeye hanywi, kwa hiyo mnywaji anajulikana. Nikikuta kwamba pombe ndiyo iliyoua gari, Lugano kazi hana na uani ahame. Ufunguo alikuwa ameshamnyang'anya. Ulikuwa kwenye mfuko wa shati lake, na kila akisema neno aliugusa.

Lugano hakukana wala hakukiri. Aliangalia viatu vyake tu. Kusema kweli nilimkasirikia. Mtu unatupiwa kosa la kukutoa wewe na watoto wako ndani ya nyumba, halafu unakaa kimya kama gunia la mahindi? Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo huo nilitaka kuusikia.

Mwalimu akaenda sokoni kununua ndizi. Nikaunganisha mashine ya kupimia, nayo ikaita na kuita bila kontrol boksi kujibu. Nikapima umeme unaoingia, upo. Nikapima ethi, njia ya umeme kurudi, ipo. Basi tatizo lilikuwa ndani ya boksi lenyewe, na ndipo nikalifungua.

Bodi ilikuwa na utando wa kahawia unaonata, na miguu ya chipu imeota ukijani. Nikainusa. Mtu mwingine hapa Mbeya angesema pombe, akaishia hapo. Mimi nimezaliwa Kilolo, Iringa, na pua yangu haikuhitaji kufikiri. Ulanzi. Maji ya mianzi michanga, yanayogemwa msimu wa mvua. Nilimkumbuka mama ghafla, nikakaa juu ya ndoo na kuacha kazi kidogo, kwa sababu hamu ya nyumbani nayo ina heshima yake.

Kisha nikaendelea kuchungulia. Kwenye gari lile boksi limefungwa chini, miguuni kwa abiria wa mbele, nyuma ya kapeti. Nilipoinua kapeti, sifongo lake lilikuwa bado linanata. Upande wa dereva palikuwa pakavu kabisa. Nikajiuliza, dereva gani mlevi anaweka pombe yake mbali na mkono wake, kwenye miguu ya bosi? Maana kiti kile, kwenye gari la Mwalimu, hakikaliwi na mtu mwingine zaidi ya Mwalimu.

Nikamwita Lugano, nikamwonyesha.

"Dada Eveline, we mwambie ni mvua tu," akasema kwa sauti ya chini. "Mwambie maji yameingia."

Nikamuuliza kwa nini anichagulie uongo wakati ukweli unaweza kumwokoa.

"Yule ni mtu mzima," akasema. "Kuna vitu mtu mzima huwezi kumwambia. Mimi nitatafuta chumba sehemu nyingine."

Nilimhurumia, na hasira yangu yote ikahamia kwenye lile boksi. Ningeweza kusema mvua. Lakini nina sheria yangu: sifungi boksi jipya kabla sijajua la kwanza limeuawa na nini, la sivyo naliandalia jipya kaburi.

Mwalimu alirudi na mkungu wa ndizi begani mwa kijana wa mkokoteni. Kabla hata hajaketi akaniuliza kama ni pombe au siyo pombe. Nikamwambia nitajibu, ila kwanza nina swali. Mara ya mwisho gari limetoka wapi?

Akanieleza kwa furaha, maana habari yenyewe ilikuwa nzuri. Walikwenda Iringa kumwona mjukuu. Binti yake Mercy ameolewa kule, na wakwe wamempokea vizuri mno. Wakijua yeye ni mtu wa kanisa, hawakumpa pombe. Walimpa maji matamu ya mianzi, yaleyale wanayokunywa watoto, akanywa vikombe viwili. Wakati wa kuondoka wakampa na dumu zima la kuja nalo. Zawadi ya mkwe haikataliwi, akaipokea kwa mikono miwili na kuiweka miguuni pake, isije ikagongwa huko nyuma. Bahati mbaya, walipofika Makambako, yeye alipokwenda kunawa mikono, dumu lilianguka. Lugano alipanga kapeti upya na kufuta vizuri.

"Lilianguka?" nikauliza, nikimtazama Lugano. Lugano akatazama ndizi.

Hapo udadisi ulinishinda. Kwetu dumu la ulanzi halifungwi kwa kifuniko. Tunaliziba kwa majani, ulanzi upumue, maana haya maji hayatulii. Asubuhi Iringa ni maji ya mtoto, ukifika Mafinga yameanza kuchemka bila moto, na huku Mbeya yanaingia yakiwa pombe kamili. Kila mtu wa kwetu anajua hivyo. Na dumu lililoanguka tu lisingerusha maji mpaka ndani ya boksi; hili lililipuka. Sasa kwa nini dumu lililozibwa kwa majani lilipuke?

"Mwalimu," nikasema, "lile dumu alilifunga nani?"

"Mimi mwenyewe," akajibu, akajinyoosha. "Wale wenzetu walikuwa wamesokomeza majani tu pale mdomoni. Nikaona hapana, zawadi ya mkwe haisafiri hivyo. Nikaomba kifuniko, nikakaza kwa mikono yangu, juu nikafunga na nailoni."

Sikucheka. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu lilinigharimu. Nikamweleza polepole jinsi maji yale yanavyojigeuza njiani, yanavyotafuta pa kutokea, na kinachokipata kifuniko kilichokazwa na mtu msafi. Nikamwonyesha utando ule wa kahawia. Siku ile bado ulikuwa na sukari nyingi, ndiyo maana sisimizi wakaufuata. Harufu ilikuja baadaye, kapeti lilipochachuka.

Mwalimu alikaa kwenye ndoo yangu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kwa hiyo hii ndiyo inaitwa ulanzi," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na vile vikombe viwili?"

Nikamwambia inategemea ulanzi wenyewe uligemwa saa ngapi. Hakuniangalia mimi tena. Alimgeukia Lugano, na sauti ya darasani ilikuwa imemtoka.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Nikakuita mlevi mbele za watu, ukanyamaza."

"Ningeanzia wapi, baba?"

Mwalimu akafikiri. Nadhani alikuwa anairudia safari nzima kichwani, kona kwa kona. "Njiani nilifanyaje?"

Lugano akashusha sauti. "Uliimba, baba. Kutoka Ifunda mpaka Makambako. Na ile sauti ya juu ya akina mama wa kwaya uliipandia."

Mwalimu alitoa ufunguo mfukoni. Hakumkabidhi. Aliuweka juu ya meza yangu ya kazi, akasema gari likipona Lugano ndiye atakayeliwasha, kisha akaenda kusimama nje, kwenye manyunyu, peke yake. Lugano alijifuta macho kwa kiganja na kuanza kunikunjulia nyaya ambazo hazikuhitaji kukunjuliwa.

Boksi nililoagiza lilikuja na basi kutoka Dar, limetoka kwenye gari lingine la aina ileile. Shida ya boksi la mtumba ni kwamba linamkumbuka mwenyewe wa zamani. Ufunguo mgeni likiupata, linagoma. Nilikitoa kichipu cha kumbukumbu kwenye lile lililokufa, nikakisafisha, nikakihamishia kwenye jipya. Kapeti nililitupa. Boksi nililipandisha juu, mbali na miguu ya mtu.

Lugano akazungusha ufunguo. Taa ya injini ikawaka, ikazima, na injini ikaitika mara moja. Mwalimu akaingia na kukaa kwenye kiti chake. Akaniita dirishani, akaniuliza taratibu nimshauri: Pasaka mjukuu anabatizwa, wanarudi Iringa, na mkwe lazima atatoa dumu lingine.

Nikamwambia apokee kwa mikono miwili, lisafiri nyuma, na majani yabaki mdomoni.

"Na kikombe nitakachopewa palepale?"

Hilo halikuwa swali la fundi, nikaanza kukusanya spana zangu. Mwalimu akafunga mkanda, akatazama mbele.

"Lugano, siku hiyo nikianza kuimba, uniambie."

"Sitakwambia, baba," Lugano akasema, akiingiza gia. "Nitakuitikia."