Cheni ya Tatu

"Kwa hiyo kosa ni la miguu yangu, Wendell? Hii ni cheni ya tatu."

"Sijasema miguu, dada. Nimesema mzigo. Unabeba vyakula vya mji mzima, halafu unashangaa cheni inaruka."

"Juzi ulisema chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu."

"Na chumvi pia."

Yesenia alimtazama. Wendell ndiye aliyeiunda baiskeli hii, hapahapa kwenye karakana yake ya Milwaukee, kwa kipimo cha miguu ya Yesenia, akijua vizuri kwamba ni ya kupelekea watu chakula. Tangu wiki ya kwanza, kila akikaza pedali kwenye mwinuko, cheni inaruka meno. Akirudi hapa anauziwa nyingine. Na asubuhi hii kampuni imemwandikia kwenye simu: ukikosa oda moja tena, unafungiwa kazi.

Wendell alikuwa amekagua gia, kebo, hata viatu vya Yesenia. Fremu hakuigusa. Hilo ndilo lililomkosesha Yesenia usingizi.

Alitoa uzi mfukoni. Akaufunga kwenye ekseli ya nyuma upande wa kushoto, akauzungusha mbele kwenye bomba la usukani, akaurudisha nyuma upande wa kulia, akaukaza. Kati ya uzi na bomba la kiti, upande mmoja kilipita kidole kimoja. Upande wa pili vilipita viwili. Fremu iliyonyooka, pande zote hulingana.

"Fremu imekaa upande huku nyuma. Gurudumu haliwezi kunyooka na cheni."

"Mzigo umeipinda. Dhamana haihusu mzigo, na ulisaini."

Wendell alijibu upesi mno, kama mtu aliyezoea kulisema.

Kwenye benchi alikaa mama mmoja, Loretta, aliyekuja kuchukua baiskeli mpya aliyoundiwa na Wendell. Ilikuwa imening'inizwa ukutani, nyekundu, matairi hayajaonja lami.

"Mama, hiyo yako imeshabeba nini?" Yesenia aliuliza.

"Ibebe nini? Hata mimi haijanibeba."

"Usiiguse hiyo," Wendell alisema. "Ni ya mteja."

"Mteja si ndiye mimi?" Loretta akasimama.

Simu ya Yesenia ikalia. Oda. Aliitazama ikilia, kisha akaizima kabisa. Akafungua uzi, yeye na Loretta wakaishusha ile nyekundu, Wendell akiwazungukazunguka na kitambaa mkononi. Yesenia akaufunga uzi, akauzungusha, akaukaza.

"Pima mwenyewe, mama."

Loretta alivua glavu. Upande wa kushoto akapitisha kidole kimoja. Akahamia kulia, akapitisha viwili.