Waya Mkononi mwa Anaclet

Katika karakana ya milango ya chuma ya Mama Mbambu, mtaa wa Kenya, Lubumbashi, hakuna fundi aliyebadilisha diski ya mashine ya kukatia chuma peke yake. Umeme wenyewe ni mgeni asiyebisha hodi: huondoka utakapo, hurudi utakapo. Kwa hiyo mwenye kubadilisha diski alichomoa waya wa mashine yake, akamkabidhi mwenzake. "Nishikilie," alisema, na mwenzake hakuuachia mpaka aambiwe, "Leta." Anaclet, msimamizi wa mafundi, ndiye aliyekuwa amewashikia wengi, na hakuna aliyewahi kuchubuka hata ukucha. Alijivunia jambo hilo, tena sana.

Siku moja umeme ulikatika fundi Jeannot akiwa katikati ya kukata bomba. Diski ilikuwa imekwisha kulika. Akachomoa waya, akampa Anaclet, akaketi na mashine mapajani ili alegeze nati. Kitufe kilikuwa bado kimebanwa kwenye kuwaka, vilevile mashine ilivyozimika. Hakuna aliyehangaika nacho. Kwa nini wahangaike, na waya ulikuwa kwa Anaclet? Nati ikakaidi. Jeannot akaishika diski kwa mkono wa kulia, huku akimtania Anaclet kuhusu kitambi chake.

Mara mtaa mzima ukalipuka. "Courant imekuya! Courant imekuya!" Umeme ukirudi Kenya watu hupiga kelele kama wamefunga goli, na mafundi hukimbilia soketi kabla haujabadili nia. Anaclet naye alipiga kelele. Mkono wake ukaenda wenyewe, kama ulivyozoea, ukachomeka kile ulichokuwa umekishika.

Shangwe za nje zilimeza kilio cha Jeannot. Anaclet alijua alichofanya pale tu alipogeuka na kuona damu.

Vilikwenda vidole vitatu. Hospitalini alifika Mama Mbambu, mfanyabiashara kutoka Butembo asiyependa maneno mengi, akauliza ni nani aliyeacha mashine kwenye umeme. Anaclet alifungua mdomo, lakini Jeannot akamtangulia kutoka kitandani.

"Ni miye, mama. Nilisahabu kuchomoa waya mu prizi."

Mama Mbambu akatikisa kichwa, akaondoka.

"Juu ya nini unasema vile?" Anaclet alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Mukono huu hautashika chuma tena, yaya, mukubwa wangu. Tukifukuziwa wote wawili, nani atatusaidia? Weye ubakie pale, uniombee kazi ya kulinda mulango. Nishikilie neno hili, nyamaza tu."

Anaclet akanyamaza. Akaomba, akabembeleza, na hatimaye Mama Mbambu akakubali: Jeannot ataanza kulinda mlango Jumatatu. Lakini huko karakanani fundi akizembea kidogo tu, wenzake walimcheka: "Jeannot mwingine huyu!" Jeannot, ambaye katika maisha yake yote ya kazi hakusahau hata mara moja! Kila walipocheka, Anaclet aliinama na kujifanya anatafuta msumari. Chakula kilimshinda. Hakumwambia hata mkewe.

Ijumaa, kabla ya Jumatatu hiyo, Mama Mbambu akaleta fundi mpya, Kapya.

"Anaclet, umuonyeshe kazi. Na umuambie vile Jeannot alisahabu, asifanye ule ujinga."

Kapya alikuwa mtu wa adabu. Akachomoa waya wa mashine, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Nishikilie, yaya."

Mkono wa Anaclet ukakataa kufunga. Waya ukaanguka chini, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Jeannot hakusahabu kintu. Alinipatia waya. Ni miye nilichomeka."

Mama Mbambu akauokota ule waya.

"Basi mulinidanganya wote wawili," alisema. "Muende wote wawili."

Njiani kuelekea kwa Jeannot, Anaclet alijisikia mwepesi. Ukweli usemwe: alikaribia kufurahi. Alikuwa ameusafisha uso wa rafiki yake, na sasa atapata usingizi.

Alimkuta Jeannot mlangoni kwake, amevaa koti la ulinzi ambalo mkewe Huguette alikuwa amempunguzia mikono. Alikuwa akijifunza kulifunga kwa mkono wa kushoto. Anaclet akamweleza yote, harakaharaka, akingoja kukumbatiwa.

Jeannot hakupandisha sauti. Alitazama bandeji yake, kisha akamtazama mwenzake.

"Sasa roho yako imepoa," alisema. "Ya kwangu je?"

Anaclet akanyoosha mkono amguse bega.

"Mara mbili nilikupatia kintu ushikilie, yaya. Mara mbili."

Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto.