Sauti ya Marlys Kabatini

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Marlys Tollefson alivaa joho jeupe lililomfunika hadi vifundoni, akachomeka mkono ndani ya kichwa cha korongo cha plastiki, kisha akaitoa sauti yake na kuiweka kabatini, juu ya viatu. Vifaranga wa korongo hawatakiwi kumwona binadamu wala kumsikia. Wakimzoea, porini hawatadumu. Walezi wengine hufunga mdomo tu. Marlys, aliyeitaka kazi hii tangu ana miaka tisa, hakupenda kubahatisha.

Walezi walikuwa wawili. Mwezi Mei mwenzake, Odell, aliacha kazi kwa sababu ya mgongo; nafasi yake ikatangazwa, lakini haikujazwa. Tangu hapo Marlys hakupumzika hata siku moja, na mkate wake wa jibini aliula amesimama kinamasini, ndani ya joho. Jumanne rakuni, mnyama mdogo mwizi wa usiku, alimbeba kifaranga mmoja kati ya kumi na wawili, upande usiokuwa na mtu.

Kwenye kikao cha Ijumaa, mkurugenzi, Bwana Dreyer, aliuliza nani ana shida. Marlys alikuwa amekuja mbio na joho lake.

"Tunataka mlezi wa pili," sauti ikasema kutoka kabatini, chumba cha pili. "Na Jumapili moja, jamani. Moja tu."

Dreyer akaandika. "Nimekusikia, dada. Lakini hii siyo ajira, ni wito. Wewe ungeifanya hata bure."

"Na yule kifaranga, naye aliitwa?"

Mhasibu alicheka, akasingizia kikohozi. Wakahamia suala la maegesho.

Jumatatu fundi alikuja kutia kabati kufuli, lakini sauti ilishaondoka. Ilikuwa imepata kazi ya kupokea simu kwa daktari wa meno mjini. Haikuhitaji kiti, ila ilipewa, kwa kuwa ndio utaratibu.

Marlys hakuifuata. Vifaranga walikuwa wameanza kukunjua mbawa. Dreyer alimsifu kwa utulivu, akamwongezea wanne.

Mumewe, Verlyn, dereva wa lori la maziwa, akawa anapiga simu kule mchana.

"Kwa daktari wa meno, karibu."

"Ni mimi."

"Ehe, mume wangu! Jino gani leo?"

"Meno mazima. Umekula?"

"Saa sita kamili. Supu ya moto, nimekaa kitako."

"Na mwenzio kule kinamasini?"

"Mpelekee kiti, Verlyn."

Jumamosi, siku yake pekee ya mapumziko, Verlyn alivaa joho la akiba, akashika njia ya kinamasini na kigoda kwapani. Vifaranga wanane kati ya kumi na watano wakapanga mstari nyuma yake. Marlys alikaa, akala mkate wake wote.

Dreyer aliwatazama kwa darubini kutoka ofisini, akafurahi kweli, kisha akalifuta tangazo la mlezi wa pili.