Blanketi la Mosocho

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, mwaka wa elfu mbili na ishirini na tano, Nyanchera alimzika Kamanda chini ya migomba, nyuma ya nyumba yake kule Manga. Alipomaliza kushindilia udongo aliegemea jembe, akaapa kimoyomoyo kwamba yuko mtu atakayelia kuliko alivyolia binti yake.

Kamanda alikuwa mbwa mdogo ambaye hata kubweka hakujua vizuri. Aliletwa kwa ajili ya binti huyo, Joyline. Tangu wezi walipovunja mlango na kuondoka na mbuzi, mtoto huyo alikuwa amepoteza usingizi. Jani likidondoka juu ya mabati aliketi kitandani na kumshika mama yake mkono. Alipokuja Kamanda, Joyline alilala. Kamanda alipoanza kuharisha damu na kukataa hata maziwa, Joyline alirudi kuketi.

Aliyewauzia mbwa huyo ni Obwocha wa soko la Mosocho, mtu mwenye maneno matamu na kofia ya manyoya. Obwocha alikuwa na desturi iliyompatia sifa. Kila mbwa aliyemuuza alimkatia kipande cha blanketi alilozaliwa juu yake, ili harufu ya mama yake imtulize asilie njiani. Hata Nyanchera, siku aliponunua, alimwona kuwa mtu mwenye huruma.

Lakini alipompigia simu kumweleza kwamba mbwa anatapika, huruma ile hakuisikia.

"Ulisema amechanjwa," Nyanchera alimwambia.

"Amechanjwa, omong'ina, mama yangu. Pengine umempa ugali wa moto."

"Anaharisha damu, Obwocha."

"Basi mpe maji ya chumvi na uache kunisumbua. Huyo ni mbwa, si kifungua mimba wako."

Hayo angeyameza. Ila baada ya mazishi, alipopeleka ndizi zake Mosocho, wanawake waliokuwa wakicheka walinyamaza alipopita. Rafiki mmoja alimvuta kando na kumweleza kile ambacho Obwocha alikuwa akikieneza sokoni: kwamba yule mama wa ndizi kutoka Manga alimnyima mbwa chakula mpaka akafa, na kwamba haijulikani hata binti yake anakula nini. Nyanchera aliuza ndizi zake bila kuinua macho. Aliporudi nyumbani alikitafuta kile kipande cha blanketi ambacho Kamanda alifia juu yake, akakifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kukitundika chini ya paa. Bado hakujua atakifanyia nini. Alijua tu kwamba ni cha Obwocha.

Siku chache baadaye alifika daktari wa mifugo aitwaye Istarlin, binti wa mfanyabiashara wa mjini Kisii, akiwa amevaa viatu vya mpira alivyovisugua kwa jiki, dawa ya kuua vijidudu, kabla ya kuingia na kabla ya kutoka. Alikuwa akizunguka Kisii na Nyamira kufuatilia ugonjwa wa mbwa uitwao parvo: umetoka wapi, unakwenda wapi, na unabadilika vipi njiani. Nyanchera alikuwa ameripoti kifo cha Kamanda kwa afisa wa mifugo, naye Istarlin alikuja kuchota udongo pale mbwa alipokuwa akilala. Alirudi na majibu baada ya miezi kadhaa.

"Mama Joyline," alisema, "unajua namna chipukizi la mgomba linavyotoka shamba hili kwenda lile?"

"Najua. Nusu ya migomba ya kilima hiki ilitoka kwa mama mkwe wangu. Nikiona mkungu namtambua."

"Kirusi nacho ni hivyo. Kinapojizalisha huweza kupata badiliko dogo, na wazao wake hulirithi. Ugonjwa uliomuua mbwa wako una alama ambayo sijaiona kwa mbwa wa mjini Kisii. Nimeiona Mosocho, nimeiona hapa, na nimeiona Gesima. Kule Gesima umeongeza badiliko jingine, lakini shina ni moja."

"Na huyo wa Gesima alimnunua wapi mbwa wake?"

"Siwezi kukutajia watu, mama. Kilichonishangaza ni kwamba yule aliyenunuliwa alipona. Aliyekufa ni mbwa mwingine wa boma hilo, ambaye hakuwahi kutoka nje."

Nyanchera alitazama paa. "Huyo aliyenunuliwa alikuja na kitambaa cha kijivu chenye mstari wa buluu?"

Istarlin, aliyekuwa akifunga mkoba wake, aliuacha wazi.

"Umekijuaje?"

Nyanchera alikiteremsha kile kifuko. Istarlin alirudi nyuma hatua moja na kumwambia kwa upole asikifungue, kwa kuwa ugonjwa huo unaweza kukaa katika nguo au udongo kwa miezi mingi na kumwingia mbwa mdogo yeyote atakayenusa. Kitambaa kichomwe, na chochote kilichokigusa kioshwe kwa jiki.

"Nitakichoma," alisema Nyanchera.

Hakukichoma. Sasa alikuwa amejua atakifanyia nini.

Siku ya soko iliyofuata, Obwocha akiwa amekwenda kuuza, Nyanchera alipanda boda boda hadi Mosocho na kushukia nyuma ya soko, mahali lilipo boma la mtu huyo. Alikuwa amesikia kwamba Malkia, mbwa mama wa Obwocha, amezaa tena. Mfuko ulikuwa ndani ya kikapu chake. Kitu cha kufanya kilikuwa chepesi: kufungua fundo, kutupa kitambaa juu ya wavu, kuondoka. Obwocha angewafukia watoto wa Malkia mmoja baada ya mwingine na kujua ladha ya msiba.

Malkia alikuja wavuni bila kubweka. Alinusa kikapu, akatia pua katika tundu la wavu, akaanza kulia kwa sauti nyembamba, kama mtu anayeita ndani ya nyumba isiyo na watu. Nyanchera alielewa polepole. Ndani ya ule mfuko mlikuwa na harufu ya Kamanda, na Kamanda alikuwa mwanawe.

Alipotazama nyuma ya Malkia, vidole vyake vilikuwa tayari juu ya fundo. Watoto walikuwa wamelala pamoja juu ya blanketi la kijivu lenye mstari wa buluu, pembe zake zikiwa zimekatwakatwa. Ni lile lile. Obwocha hakulitupa, hakulifua, hakulichoma. Nyanchera hakuwa na haja ya kuwatupia kifo; mwenye mbwa alikuwa amewatandikia mwenyewe, na kesho angewakatia kila mmoja kipande chake na kuwatuma katika nyumba za watoto wengine.

Aliliacha fundo. Hasira haikupungua, ilipata tu njia iliyo bora zaidi. Alikwenda sokoni.

Obwocha alikuwa amesimama mbele ya kizimba chenye watoto wawili wa Malkia, aliowatoa mapema kuliko wenzao, akizungumza na mume na mke waliovaa vizuri. "Huyu amechanjwa, na nitawapa kitambaa cha mama yake, asiwasumbue."

"Mwombeni awaonyeshe kitambaa," alisema Nyanchera.

Obwocha aligeuka. "Aa, mama wa njaa. Umekuja kununua mwingine umshindishe njaa?"

Watu wachache walicheka. Nyanchera aliwangoja wamalize.

"Mbwa wangu alifia juu ya kitambaa cha kijivu chenye mstari wa buluu," alisema, bila kupaza sauti. "Kama cha huyu ni cha rangi nyingine, nitakuomba radhi mbele ya soko zima."

Yule mke alinyoosha mkono. Obwocha alisitasita, kisha akakitoa. Kilikuwa cha kijivu. Mstari ulikuwa wa buluu.

"Kitambaa hakiui mtu," alisema Obwocha.

"Mtu hakimuui, ila mbwa kinamuua," mwanamume mmoja alijibu kutoka nyuma. Alikuwa Jasper, mkulima wa chai kutoka Gesima, aliyekuja kudai maelezo yake mwenyewe. "Mbwa wangu wa miaka mingi alinusa kitambaa ulichonipa pamoja na mbwa mdogo, akafa. Daktari Istarlin alisimama uani kwangu akanieleza. Nawe uliniambia ni sumu ya jirani, nami nimekosana na jirani."

Mume na mke walirudisha mbwa na kwenda zao. Watu walizidi kusogea. Obwocha alivua kofia, akamsogelea Nyanchera. "Mama Joyline, twende pembeni tuzungumze."

"Mimi ulinizungumzia hadharani. Nami nitakuzungumzia papa hapa, kila siku ya soko, mpaka usahau jinsi mnunuzi alivyo."

"Unataka nini?"

"Lete blanketi lichomwe hapa. Sema kwa kinywa chako jinsi Kamanda alivyokufa. Watoto wa Malkia wachanjwe na Istarlin, si na wewe. Na wakiacha kunyonya, Malkia ni wangu."

"Malkia ndiye jembe langu."

"Ndiyo sababu nimemtaja."

Jasper alisema kwamba njia nyingine ni kwenda kwa chifu wote pamoja. Obwocha alitazama nyuso zilizomzunguka, akaenda kulileta blanketi. Lilipowaka, Nyanchera alitupia humo mfuko wake bila kuufungua. Kisha Obwocha alisema, macho yakiwa chini, kwamba mbwa wa mama huyu hakufa kwa njaa. Nyanchera alimwamuru arudie, maana wanawake wa ndizi walikuwa mbali.

Malkia alifika Manga baada ya Istarlin kumwogesha na kumthibitisha kuwa mzima. Hulala mlangoni, na Joyline hulala kitandani. Obwocha alimwomba Nyanchera msamaha mara mbili, naye hajampa. Kila siku ya soko hupanga ndizi zake mkabala na banda ambamo mtu huyo sasa anauza kuku, Malkia akiwa ameketi miguuni pake kwenye kamba, na wote wawili humtazama.

Nawe uliyesoma hadi hapa, usikae na jambo hili peke yako. Mweleze jirani anayetaka kununua mbwa aulize ni nani aliyemchanja, na matandiko ya mbwa aliyekufa yachomwe siku ile ile. Akishaelewa, mwambie naye amweleze wa pili.